SegaWorld ya London na Chumba Changu cha Gemu Ngamiani

Mwishoni mwa Oktoba 1996, shule za London zilipofungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, mjomba wangu aliyekuwa akiishi Leyton alinikabidhi pauni 30 taslimu pamoja na wanawe wawili, mkubwa wa miaka 11 na mdogo wa miaka 8, akaniagiza niwapeleke SegaWorld, jumba la gemu la kampuni ya Sega ya Japani, na nisiwarudishe nyumbani mpaka wachoke wenyewe. Fedha ile ilikuwa imepimwa: kiingilio cha mtu mzima kilikuwa pauni 12 na cha mtoto pauni 9, kwa hiyo pauni 30 zilitutosha sote watatu bila kubaki hata peni moja. Mimi nilikuwa na miaka 22, nimetoka Tanga mwaka mmoja tu uliotangulia, mchana nikisoma na usiku nikisafisha ofisi. Mfukoni nilikuwa na sarafu 8 za pauni moja moja nilizoziweka akiba kwa ajili ya siku hiyo, kwa sababu nilikwisha kuambiwa kwamba kiingilio kinalipia vyombo vikubwa vya safari tu, na kwamba mashine za kawaida za gemu zinataka sarafu yake kila unapocheza.

Naanza na hesabu kwa makusudi. SegaWorld ya London ilikufa ikiwa na umri wa miaka 3, nami miaka michache baadaye nikafungua chumba changu cha gemu Tanga ambacho nacho kilikufa, na kila ninapokumbuka kimoja, kingine hujitokeza chenyewe. Kimoja kilikuwa na ghorofa 7 na kingine kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, lakini swali lililovisumbua vyote viwili lilikuwa lilelile: mtu anapoingia mahali pa mchezo, analipia nini hasa?

Jengo la Trocadero, ilimokuwa SegaWorld, limesimama pembeni mwa Piccadilly Circus, katikati ya London, na lilikwisha kuishi maisha zaidi ya moja kabla Sega haijafika. Mwaka 1896 kampuni ya J. Lyons, ambayo Waingereza waliijua sana kwa chai na mikahawa yake ya chai, ilifungua hapo hoteli ya chakula ya kifahari iliyodumu hadi 1965. Mwaka 1984 jengo lilifunguliwa upya likiwa mahali pa maduka na burudani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa na ukumbi wa mashine za gemu ulioitwa Funland. Kulikuwa na njia iliyounganisha jengo na kituo cha treni za chini ya ardhi, hivyo ungeweza kutoka Leyton, ukabadili treni Holborn, ukafika kwenye gemu bila kuguswa na tone la mvua. Kwa mtoto wa pwani aliyekuwa akiionja baridi ya London kwa mwaka wa pili, njia hiyo peke yake ilikuwa sababu tosha ya kulipenda jengo.

Wengi wa rika langu kule nyumbani, wale waliobahatika, waliijua Sega kwa mashine ya kuchomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Lakini kampuni hiyo ilianza na sarafu. Iliundwa Japani mwaka 1960 na Wamarekani waliokuwa katika biashara ya mashine za kutumbukiza fedha, na mashine yake iliyoipa jina, Periscope ya 1966, ilikuwa sanduku kubwa ambalo mchezaji alichungulia kama nahodha wa nyambizi na kuzipiga meli zilizopita mbele yake. Ilipofika Marekani ilichezwa kwa senti 25, wakati ambapo mashine nyingi za namna hiyo zilikuwa zikila senti 10, na watu wakalipa. Naona kisa hicho kidogo kina mantiki yote ya Sega ndani yake: ukimpa mtu kitu ambacho hajawahi kukishika, atakubali bei mpya, na atalipa palepale mkono wake ulipo, mbele ya mashine, akiwa tayari ameshaona mwenzake akicheza.

Kufikia miaka ya 1990 mashine za nyumbani zilikuwa zimeanza kuzikaribia zile za ukumbini. Jibu la Sega lilikuwa kujenga vitu ambavyo haviwezi kuingia sebuleni kwa namna yoyote: viti vinavyoyumba na kuinuka, magari yanayotembea gizani, kofia zenye skrini mbele ya macho. Uingereza ilianza kuonja mwelekeo huo mwaka 1993 kwa Sega World ya Bournemouth, mji wa ufukweni kusini mwa nchi. Mwaka uliofuata, Japani, ikafunguliwa Joypolis ya kwanza mjini Yokohama, bustani ya burudani iliyokuwa yote ndani ya nyumba. London ikafuata tarehe 7 Septemba 1996. Iligharimu pauni milioni 45, ikachukua ghorofa 7 za Trocadero, eneo la futi za mraba 110,000, na ikatangazwa kwa kelele kubwa kwamba hakuna mahali pa namna yake duniani panapoizidi kwa ukubwa.

Nikiri kwamba mimi niliipenda. Sanamu kubwa ya Sonic, yule kalunguyeye wa buluu, ilitupokea, na kisha zikaja zile ngazi za umeme walizoziita za roketi, ndefu, zimezungukwa na mataa, zinakupandisha moja kwa moja hadi juu kabisa ili uteremke ghorofa baada ya ghorofa ukipita kila kilichouzwa njiani. Mtoto mdogo wa mjomba alinishika kidole kimoja tu, kile cha shahada, akakikaza mpaka tulipofika juu, na mkono wake mwingine ulikuwa umefumba sarafu ya pauni niliyompa kwenye treni. Alipoufungua mkono ule, alama ya duara la sarafu ilikuwa imechorwa kwenye kiganja chake.

Vyombo vya safari vilikuwa 6, na majina yake bado nayakumbuka: Space Mission, Ghost Hunt, Beast in Darkness, Aqua Planet, Mad Bazooka na AS-1. Cha Ghost Hunt ulikaa kwenye gari dogo likakupitisha kwenye nyumba ya mizimu, nawe ukawapiga risasi za taa mizimu waliotokea hewani mbele ya kioo. Mad Bazooka kilikuwa cha vigari vya kugongana ambavyo vilifyonza mipira kutoka sakafuni na kuirusha kwa wenzako. Space Mission ndicho kilichokuwa na zile kofia. Mkubwa ndiye aliyeingia, mimi na mdogo tukasubiri nje. Alipotoka alikuwa na mstari mwekundu kwenye paji la uso, akawa kimya mpaka tulipofika ghorofa ya chini yake, kisha akaanza kusema na hakunyamaza mpaka Holborn.

Sasa niseme lile ambalo limenikaa moyoni miaka yote hii. Katika moja ya zile ghorofa tulipita mbele ya mashine ya Virtua Fighter, gemu ya kupigana ya Sega, na vijana wawili walikuwa wakipambana. Watu kama kumi na watano walikuwa wamewazunguka. Mdogo akapenya katikati ya miguu ya wakubwa, akasimama karibu kabisa na skrini, shingo ameinyoosha. Vijana walikuwa sare, imebaki raundi ya mwisho, na yule wa kushoto alikuwa amevua koti na kulibana katikati ya magoti ili mikono yake iwe huru. Hapo mimi nikaangalia saa. Tulikuwa tumelipa pauni 30 kwa vyombo 6, tulikuwa tumepanda vitatu, na foleni ya chombo cha nne ilikuwa inakua machoni pangu. Nikamshika mdogo kiwiko cha mkono nikamvuta, nikamwambia, "Twende, hapa ni kutazama tu, tumelipia vile." Alinifuata bila kulia, lakini alitembea uso ameugeuza nyuma.

Kosa lilikuwa langu, na sina wa kumsukumia. Ila nimelitafakari sana na nimegundua ni nini kilichoniendesha. Kiingilio kilikuwa kimekwisha kuugeuza mchezo kuwa deni. Kila dakika ambayo mtoto hakuwa ndani ya chombo nilichokilipia ilikuwa, katika hesabu yangu, dakika ya hasara, hata kama dakika hiyo ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Mtu aliyelipa mlangoni hawezi kutulia, maana anadai.

Na hesabu yenyewe haikuwa upande wa mlango. Magazeti ya Uingereza yaliandika tangu wiki za mwanzo juu ya foleni ndefu na juu ya wageni walioona kwamba wamelipa kingi wakapata kichache, nami sikuelewa sababu yake mpaka nilipokaa na kalamu. Chombo cha AS-1 kilichukua watu 8 kwa mkupuo. Tuseme dakika 6 zinapita tangu mtu wa kwanza kupanda hadi wa mwisho kushuka: hiyo ni mikupuo 10 kwa saa, yaani watu 80. Mahali pa ukubwa ule, penye gharama ile, palihitaji wageni si chini ya milioni 1 kwa mwaka, ambao ni zaidi ya 2,700 kwa siku ukiwagawa sawasawa. Na wageni hawaji sawasawa, wanajazana Jumamosi na wakati wa likizo. Ukiwaambia watu hao wote kwamba tiketi yao inalipia vyombo 6, kila mmoja atavitaka vyote 6. Umeuza ahadi ambayo chuma chenyewe hakiwezi kuitimiza. Bustani za nje zenye magari ya kupanda milima hubeba mamia ya watu kwa saa katika chombo kimoja. Kiti kinachoyumba mbele ya skrini hakina uwezo huo, hata ukikijengea jumba la pauni milioni 45.

Waendeshaji waliliona. Haukupita muda mrefu bei ikabadilishwa: kiingilio kikateremka hadi pauni 2 na kila chombo kikaanza kulipiwa peke yake, na baadaye kuingia kukawa bure kabisa. Lakini watu walikwisha kwenda nyumbani na hadithi ya pauni 12, na hadithi hiyo ilikuwa inasafiri haraka kuliko tangazo lolote la punguzo. Nilikwenda tena mwaka 1998, peke yangu, na nilipanda zile ngazi nikiwa mtu wa pekee kwenye ngazi nzima. Sega yenyewe kule Japani ilikuwa na majeraha mengine. Saturn, mashine yake ya nyumbani, ilikuwa imeachwa mbali na PlayStation, na mwaka wa fedha uliokwisha Machi 1998 ulileta hasara kubwa. Mwaka 1999, mwaka uleule ambao Sega iliweka matumaini yake yote kwenye Dreamcast, mashine yake mpya ya nyumbani, ikajitoa Trocadero. Dreamcast nayo haikufika mbali. Januari 2001 ilitangazwa kwamba haitatengenezwa tena.

Ndugu zake wa London hawakuishi maisha marefu pia, ingawa si wote. Sega World ya Sydney, iliyofunguliwa Darling Harbour mwaka 1997, ilifungwa 2000. Disney nao walijenga DisneyQuest, majumba yao ya gemu ya ndani, Orlando mwaka 1998 na Chicago mwaka 1999. Ya Chicago ikafungwa 2001, lakini ya Orlando ikadumu hadi 2017. Hii ya Orlando hunilazimisha nilegeze msimamo wangu, kwa sababu kwa miaka mingi ilitoza kiingilio kimoja kikubwa na ikaishi. Tofauti ninayoiona ni mbili. Kwanza, kiingilio kile kilifungua kila kitu, mashine kubwa na ndogo, mtu akacheza mpaka basi, asiombwe sarafu nyingine baada ya kuwa amekwisha kulipa. Pili, mgeni wa Orlando yuko likizoni, tiketi za bustani ziko mfukoni mwake kwa wiki nzima. Mtu wa Piccadilly Circus alikuwa anapita akielekea sinema.

Lililonifundisha zaidi kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa katika jengo lilelile. Baada ya Sega kuondoka, Funland, ule ukumbi wa zamani, ukashika nafasi. Nilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla sijarudi nyumbani, hapakuwa na kiingilio wala ahadi yoyote mlangoni. Zulia lilikuwa limechakaa. Lakini kulikuwa na vijana waliokuja kila Jumamosi kwa ajili ya mashine za kudansa, zile zenye mishale chini ya miguu, na wengine kwa gemu za kupigana, na kila mashine iliyokuwa na mchezaji hodari ilikuwa imezungukwa na duara la watu ambao hawakuwa wamelipa chochote. Mmoja alipomaliza, mwingine alitoka kwenye duara akatumbukiza sarafu. Mahali pale pasipo na jina kubwa paliendelea hadi 2011, miaka 12 zaidi ya jumba la pauni milioni 45.

Ungetarajia kwamba mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake angekuwa amejifunza. Nilirudi Tanga 2001, na mwaka 2002 nikafungua chumba cha gemu Ngamiani: PlayStation nne za mitumba, zile za kwanza, nilizokuja nazo kwenye sanduku, televisheni 4 za inchi 21, mabenchi ya mbao niliyochongesha kwa fundi wa jirani, na stabilaiza moja iliyolinda vyote. Mechi moja ya mpira ilikuwa shilingi 200. Utaratibu wa chumba waliuweka vijana wenyewe tangu wiki ya kwanza, nao ndio uliokuwa ukitawala kila chumba cha gemu nilichokijua: anayefungwa analipa. Mshindi anabaki na pedi mkononi, aliyefungwa anatoa 200 na kupisha, anayefuata anakaa. Sikuhitaji kumsimamia mtu. Kulipa kulikuwa sehemu ya mchezo, na aliyefungwa alilipa haraka ili aondoke machoni pa watu.

Chumba kilijaa kuanzia saa tisa alasiri, shule zilipotoka, hadi baada ya isha. Na ndipo nikakosea. Nilianza kuwatazama wale waliosimama nyuma ya mabenchi. Walikuwa wengi kuliko wachezaji mara tano, wakichukua hewa, wakipiga kelele, wakisukuma meza yenye nyaya, na hawakuwa wakilipa hata senti. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeuza karanga kwenye sinia. Aliiweka sinia yake kizingitini kila siku na kusimama saa nzima, akijua kila mchezaji na udhaifu wake. Mwanzoni mwa 2003 nikabandika karatasi mlangoni: kuingia shilingi 100, mchezaji au mtazamaji. Katika akili yangu nilikuwa naokota fedha iliyokuwa imelala sakafuni.

Nilikuwa na daftari, na daftari ndilo lililonifichulia. Siku za kwanza mapato yalipanda kidogo. Wiki ya pili yakarudi yalipokuwa. Mwezi ulipokwisha nilikuwa naandika nusu ya kile nilichokuwa nikiandika kabla ya ile karatasi. Wachezaji walewale hodari walikuwa bado wanakuja, lakini walicheza mechi mbili wakaondoka, kwa sababu bao zuri lisilopigiwa kelele na mtu halina ladha. Wapya hawakuja, kwa kuwa mtu hujifunza gemu akiwa amesimama nyuma ya benchi, anatazama vidole vya wenzake kwa wiki mbili tatu kabla hajapata ujasiri wa kukaa na kuhatarisha 200 zake mbele ya hadhara. Wale niliowaona wanachukua hewa bure ndio waliokuwa wateja wangu wa mwezi unaofuata, nami nilikuwa nimewafungia mlango.

Jioni moja nikiwa peke yangu na mashine mbili zinazowaka bila mchezaji, nikaiona tena ile ghorofa ya Trocadero, na mtoto wa miaka 8 akitembea uso ameugeuza nyuma. Nilikuwa nimewafanyia vijana wa Ngamiani kile nilichomfanyia yeye: nimewaambia hapa ni kutazama tu. Nikaibandua karatasi usiku uleule. Kesho yake nilimtafuta kijana wa karanga hadi stendi ya mabasi nikamwambia arudi, na nikamwekea kigoda. Ilichukua miezi mitatu chumba kujaa kama mwanzo.

Yaliyofuata nitayapita upesi, maana hayana mengi ya kufundisha isipokuwa kwamba zama huhama. Nilinunua PlayStation 2 mbili, na kwa muda mfupi watu walitoka hadi Chumbageni kuja kuziona. Kisha baba zao wakaanza kuwanunulia za nyumbani, kama ilivyokuwa kwa Sega na sebule za Ulaya, na yule mchezaji hodari aliyekuwa akivuta watazamaji akawa anacheza kwao na wadogo zake. Ukame wa 2006 ukaleta mgawo wa umeme ambao walioishi Tanzania mwaka ule hawatausahau. Umeme ulikatika mchana kutwa, saa zilezile nilizokuwa nikizitegemea, na jenereta ilikula mafuta ya fedha nyingi kuliko mechi zilizochezwa. Nikauza televisheni, mabenchi nikampa fundi aliyeyachonga, na nikafunga mlango Oktoba ya mwaka huo.

Nimewahi kuulizwa kama SegaWorld ingepona endapo ingeanza bila kiingilio. Sidhani. Kodi ya jengo katikati ya London, gharama ya vyombo, na kasi ya PlayStation vingeifikia tu, pengine miaka kadhaa baadaye. Lakini ingekufa ikiwa na watu wake, watu ambao wangeizungumza kama wanavyoizungumza Funland wale vijana wa mashine za kudansa, ambao sasa ni watu wazima na wakikutana bado wanatajiana nani alikuwa nani pale Jumamosi. Joypolis ya Odaiba, Tokyo, iliyofunguliwa mwaka uleule wa 1996 kwa mawazo yaleyale, ilivuka miaka 20 ikiwa wazi, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa bovu. Mahali panapomruhusu mtu kuzoea pana nafasi ya kuishi, na kuzoea hakuanzi kwa kulipa, kunaanza kwa kusimama pembeni.

Mwaka 2022 nilikwenda London kumzika mjomba. Siku mbili baada ya mazishi, wanawe wakanitoa kidogo, tukatembea tukajikuta Piccadilly Circus. Sehemu ya Trocadero sasa ni hoteli, iliyofunguliwa 2020, na inajulikana kwa vyumba visivyo na madirisha, ambavyo wenyewe wanavisifu kwamba vinampa mgeni giza na utulivu. Tulisimama ng'ambo ya barabara. Mkubwa alijaribu kutuonyesha ngazi za roketi zilikuwa zinaanzia wapi, akatuonyesha mahali, kisha akajisahihisha, akatuonyesha pengine. Ana watoto wake sasa, na anaikumbuka Space Mission kwa kila kitu chake, hadi harufu ya ile kofia.

Nikamuuliza mdogo, ambaye ana miaka 34 na ndevu zilizoanza kuchanganyika, yeye anakumbuka nini. Alifikiri kidogo, mikono mifukoni kwa baridi.

"Kaka, mimi vile vyombo sivikumbuki hata kimoja," akasema. "Nakumbuka wale vijana wawili wanapigana, na yule wa kushoto amebana koti kwa magoti. Halafu ukanivuta. Sijui mpaka leo nani alishinda."